Simu ya nyumbani ni ya mzee: aulizwe yeye kwanza

Vijana wetu walioko Uingereza wakitaka kutia intaneti nyumbani huuliza suala moja tu: kasi ngapi? Yule mwenye kulipa bili huongeza la pili: pauni ngapi kwa mwezi? Wakishapata majibu mawili hayo, mkataba unakubaliwa kwenye simu ya mkononi, usiku, watu wamelala, na asubuhi mama anaambiwa tu kuwa atakuja fundi. Mie nasema utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu. Katika nyumba yenye mzee, la kwanza kuchaguliwa ni simu, intaneti inafuata. Na wa kwanza kuulizwa ni yule mzee mwenyewe, hata kama hajui ruta ni mdudu gani.

Nalisema hili sasa kwa sababu mambo ya simu za nyumbani hapa Uingereza yamo katika kubadilika, na mabadiliko haya yanawagusa wazee kuliko mtu mwengine yeyote. Mtandao wa zamani wa simu, ule wa waya wa shaba, unazimwa. Mwanzo ilisemwa utazimwa mwisho wa 2025, kisha tarehe ikasogezwa mbele mpaka Januari 2027. Baada ya hapo simu za nyumbani zitakuwa zinapita kwenye intaneti. Ile simu ambayo mzee ameizoea miaka thalathini, iliyochomekwa ukutani, itachomekwa nyuma ya ruta. Kwa macho yake ni simu ileile, rangi ileile, vitufe vilevile. Kwa kazi yake ni kitu chengine kabisa.

Tofauti kubwa ni umeme. Simu ya zamani ilikuwa ikipata nguvu zake kutoka kituo cha simu, kupitia waya uleule wa kuzungumzia. Umeme wa nyumba ukikatika, simu inaendelea: unapiga, unapigiwa. Simu ya kupitia ruta haina umeme wake wenyewe. Taa zikizimika, ruta inazimika, na simu inanyamaza. Sisi tuliokulia pwani tunaujua umeme kukatika, tulikuwa na kandili na viberiti mahala pake, mtu anakwenda gizani anavishika bila ya kupapasa. Huku umeme haukatiki sana, na hapo ndipo ilipo khatari, maana nyumba nyingi hazina hata tochi yenye betri nzima.

Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano ya Uingereza, imeziwekea kampuni sharti. Mteja ambaye simu ya nyumbani ndiyo tegemeo lake, kwa mfano hana simu ya mkononi au nyumba yake haina mawimbi, lazima apewe njia ya kupiga simu ya dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukikatika, na asitozwe kwa hilo. Aghalabu ni betri ya akiba au kifaa kinachotumia mawimbi ya simu za mkononi. Sharti ni zuri. Lakini kampuni itajuaje kuwa nyumba fulani ina bibi wa miaka 80, ambaye simu ya mkononi aliyonunuliwa na wanawe bado imo ndani ya boksi lake kabatini? Haitajua mpaka iambiwe. Na anayejaza fomu usiku kwenye simu yake hamtaji bibi. Anataja kasi.

Pana jambo jengine zito zaidi. Wazee wetu wengi wanaokaa peke yao wana kile kidude cha kengele, cha kuvaa shingoni au mkononi, cha kubonyeza mtu akianguka. Serikali ya Uingereza inakisia kuwa watu milioni 1.8 nchini wanatumia huduma hizo. Kidude hicho hakipigi simu chenyewe. Kinazungumza na boksi lililochomekwa kwenye simu ya nyumbani, na boksi ndilo linalopiga. Maboksi mengine ya zamani hayapatani na simu inayopita kwenye ruta. Mnamo Disemba 2023 kampuni kubwa za simu zilitia saini ahadi na serikali kwamba hazitamhamisha kwa lazima mteja wa aina hiyo mpaka zihakikishe kuwa yuko salama. Angalia neno hilo: kwa lazima. Ukihama kwa khiyari yako, kwa sababu umeona tangazo la bei nzuri, basi kazi ya kuwaambia kampuni ya simu na wenye kengele ni yako wewe.

Nawajua jamaa, nawasitiri majina, ambao mtoto wao alimhamishia mama yake huduma kwa nia safi kabisa. Alitaka mama awe na intaneti nzuri ili wajukuu wakija wikiendi wasinung'unike. Intaneti ikaja, wajukuu wakafurahi. Kengele haikuulizwa. Wiki tatu baadaye mama akateleza bafuni, akabonyeza, kimya. Akakaa chini mpaka alipokuja jirani wa Kihindi ambaye huleta maziwa kila asubuhi. Hakuvunjika, tunashukuru. Kampuni, ilipoulizwa, ilisema haikuwa na habari kama nyumba ile ina kengele. Na ilisema kweli: hakuna aliyeiambia.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Watu wetu hutumia neno "kebo" kwa kila waya unaoingia nyumbani, na hapo ndipo wanapochanganyikiwa. Uingereza kuna milango miwili mikubwa. Mlango wa kwanza ni mtandao wa Openreach, uliotokana na simu ya zamani ya BT. Nyaya ni za Openreach, lakini wanaouza huduma juu yake ni wengi: BT wenyewe, Sky, TalkTalk, Vodafone na wengineo. Ukihama kutoka mmoja kwenda mwengine humo ndani, mara nyingi waya ni uleule, kinachobadilika ni jina la bili na ruta.

Mlango wa pili ndio kebo khasa. Katika miaka ya 1980 na 1990 kampuni mbalimbali zilichimba njia za miji kutandaza nyaya zao za televisheni na simu. Zikamezana moja moja mpaka zikabaki kubwa mbili, NTL na Telewest, nazo zikaungana 2006, na mwaka uliofuata zikachukua jina la Virgin Media. Mtandao wa kebo ni wake peke yake. Mtaa wenye kebo unaujua kwa vifuniko vidogo kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba. Na siku hizi miji mikubwa ina mlango wa tatu, kampuni mpya zinazoleta waya wa faiba mpaka ndani, kama Hyperoptic na Community Fibre kwa walioko London.

Faida ya kebo ni kasi ya kushusha, yaani vitu vinavyokuja kwako. Kwa miaka mingi iliwashinda wenye waya wa shaba, na mahala ambapo faiba haijafika, mpaka leo inawashinda. Upungufu wake ni kasi ya kupandisha, yaani vitu vinavyotoka kwako, ambayo kwenye kebo ya kawaida huwa ndogo sana ukilinganisha na ile ya kushusha. Tangazo linaandika ya kushusha kwa herufi kubwa kama mlango, ya kupandisha unaitafuta chini kwa miwani.

Kwa familia zetu jambo hili si dogo. Simu ya video ya kutoka Portsmouth mpaka Muscat ina njia mbili. Sura za wajukuu wa Muscat zinashuka, sura ya bibi inapanda. Njia ya kupandisha ikiwa nyembamba, na mvulana wa chumba cha juu naye anapandisha video zake wakati huohuo, bibi anawaona wote vizuri, wao wanamuona kaganda kama picha ya ukutani. Kisha lawama anatupiwa ndugu wa Muscat kuwa intaneti yao mbovu.

Lakini pia tusinunue bahari kwa ajili ya kuogea. Netflix wenyewe wanasema picha safi ya kawaida inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, na ile kali kabisa ya 4K inahitaji 15. Nyumba ya mzee mmoja na binti anayekuja kulala haina haja ya kifurushi cha megabiti elfu. Hata nyumba ya watu watano, ukipiga hesabu ya kila mmoja na anachofanya, mara nyingi megabiti mia zinatosha na kubaki. Wazee wetu wamesema, bora kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kasi ndogo isiyokatika ina manufaa kuliko kasi kubwa inayokuja na kuondoka. Na kabla hujalipia kasi zaidi, itoe ruta nyuma ya televisheni au ndani ya kabati ulikoificha ili isiharibu sura ya sebule, uiweke pahala pa wazi. Mara nyingi ugonjwa huwa ni huo tu.

Nitaambiwa: "Mwalimu, yote haya ya nini? Nani leo anatumia simu ya nyumbani? Si WhatsApp ipo?" Ipo, na mie naitumia. Lakini waulize jamaa zako wa Dubai na Abu Dhabi kama unaweza kuwapigia kwa WhatsApp. Imarati wameizuia kwa miaka, na Oman nako simu za namna hiyo zimepata vikwazo. Kijana ana njia zake za kuzunguka, ana programu tatu na akiba ya nne. Bibi ana nambari moja tu anayoijua kwa moyo, na vidole vyake vinaijua simu moja.

Pana jengine ambalo vijana hawalifikirii kwa sababu wao Kiingereza ndio lugha yao. Mtu akipiga 999 kwa simu ya nyumbani, anuani ya nyumba iliyoandikishwa na kampuni inapatikana kwa wenye kupokea simu. Mzee akishikwa na maumivu ya kifua saa nane za usiku, Kiingereza chote alichonacho kinamkimbia. Nimesoma sekondari ya misheni, ambako kuzungumza Kiswahili darasani ilikuwa adhabu, kisha nikasomesha miaka thelathini kwa lugha hiyohiyo ya Kiingereza, na mie mwenyewe nikiumwa naumwa kwa Kiswahili. Sasa je yule ambaye Kiingereza alikiokota ukubwani, sokoni na hospitali? Mkononi ana simu ya kioo inayodai alama ya kidole, na mikono inatetemeka. Ile ya mezani ananyanyua, anabonyeza mara tatu, basi. Ndiyo maana anuani iliyoandikishwa lazima iwe sahihi, na ndiyo maana ukihama nyumba hilo ni la kuhakikisha siku ya kwanza.

Halafu kuna nambari yenyewe. Nambari ya nyumba ya bibi ni kama mlango wa nyumba. Jamaa wa Unguja, Pemba, Mombasa, Muscat na Salalah wote wanayo, imeandikwa kwenye daftari zilizochakaa, wengine wanaikumbuka tangu siku za kupigia kadi za kukwangua. Ikipotea, kuna watu hawatampata tena bibi huyo, maana hawana nyengine, na hawamjui wa kumuuliza. Nambari inaweza kuhama pamoja na mteja kutoka kampuni moja kwenda nyengine, lakini lazima useme unaitaka, tena useme mwanzo. Usiikate huduma ya zamani kwa mkono wako kabla hujaanza mpya, utajitafutia mashaka. Tangu tarehe 12 Septemba 2024 utaratibu umekuwa rahisi: unazungumza na kampuni mpya tu, nayo ndiyo inayoiarifu ya zamani, hata ukitoka kwenye kebo kwenda Openreach au kinyume chake. Zamani ilikuwa lazima mtu aongee na pande zote mbili na kupanga tarehe mwenyewe. Na uliza pia kama kampuni mpya ina simu ya nyumbani. Siku hizi wako wanaouza intaneti peke yake.

Nakuja kwenye bei, na hapa naomba ruhusa nirudi ubaoni kidogo. Chukua mfano, hesabu zangu mwenyewe. Kampuni ya kwanza inakwambia pauni 30 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24, na kila Aprili inaongeza pauni 3. Simu ya nyumbani ni pauni 6 zaidi. Ukianza Januari, unalipa miezi mitatu kwa 30, kumi na miwili kwa 33, na tisa kwa 36. Jumla pauni 810. Ongeza simu, 144, unapata 954. Kampuni ya pili inakwambia pauni 34, haipandi, simu imo ndani, lakini kuungwa ni pauni 35. Miezi 24 ni 816, ukitia 35 unapata 851. Ile iliyoonekana rahisi imekupita kwa pauni 103. Bei ya mwezi wa kwanza haisemi kitu. Jumla ya mkataba mzima ndiyo bei.

Sheria imesaidia hapa. Tangu tarehe 17 Januari 2025, kwa mikataba mipya, kampuni haziwezi tena kuandika kuwa bei itapanda kwa asilimia ya mfumuko wa bei ambao hakuna aujuaye. Wakitaka kupandisha katikati ya mkataba, waandike tangu mwanzo ni pauni ngapi na peni ngapi, na lini. Mkataba wa nyumbani hauruhusiwi kukufunga zaidi ya miezi 24. Na ukinunua kwa simu au kwenye intaneti, una siku 14 za kughairi. Mzee akishawishiwa kwa simu na kijana mwenye sauti tamu, siku hizo 14 ndizo za kumuokoa, ikiwa atamwambia mtu. Na atamwambia ikiwa hatutamcheka.

Baada ya mkataba kwisha ndipo khasara ya kweli inapoanza. Bei ya ukaribisho inaondoka, inakuja bei kamili, na bili inakatwa benki kimya kimya. Mwaka 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini kuhusu jambo hili, likakisia kuwa wateja waaminifu wanalipa zaidi kiasi cha pauni bilioni 4.1 kwa mwaka katika sekta tano: simu za mkononi, intaneti, akiba za benki, bima za nyumba na mikopo ya nyumba. Soma tena: waaminifu. Anayeadhibiwa ni yule anayekaa. Na nani anakaa kuliko wazee wetu?

Hapa nataka niseme jambo litakaloniudhia wengine. Sisi watu wa pwani tunaitwa wastaarabu, na ustaarabu wetu unatugharimu. Bibi huyuhuyu, mpeleke Darajani au Marikiti, atasimama mbele ya changu mmoja robo saa. Atamfunua mashavu, atakunja uso, atakwenda zake hatua tatu ili aitwe arudi. Mpeleke suku ya Mutrah, muuza ubani atatoka jasho. Lakini bili ya simu ikipanda kutoka pauni 30 mpaka 52, anasema "ndo bei yao hiyo, tutafanyaje," analipa. Anaona haya. Anaona kampuni kubwa kama serikali, na kudai mapunguzo kama kuomba.

Si kuomba. Ni soko, kama Darajani. Kampuni hizi zina watu kitengo kizima, kazi yao ni kuzungumza na mteja anayetaka kuondoka, na mikononi mwao wana bei ambazo haziko kwenye tangazo. Bei hizo hawampi aliyenyamaza. Wanampa aliyefanya zile hatua tatu. Sheria inawataka wakupe khabari baina ya siku 40 na siku 10 kabla ya mkataba kwisha, wakueleze utalipa ngapi usipofanya kitu, na bei zao nzuri ni zipi. Khabari hiyo huja kwa barua au kwa baruapepe. Ikija kwa baruapepe ambayo bibi alifunguliwa na mjukuu mwaka juzi na hakuna anayekumbuka neno lake la siri, basi imetupwa baharini. Mwambieni kampuni kuwa mzee anataka barua ya karatasi.

Haya hiyohiyo inawazuia wazee wetu kuuliza bei za nafuu. Zipo, zinaitwa social tariffs, kwa watu wanaopata baadhi ya misaada ya serikali kama Pension Credit au Universal Credit. Ziko zinazopatikana kwa pauni 15 hadi 20 kwa mwezi, na aghalabu bei haipandi katikati wala hakuna faini ya kutoka. Kampuni hazizitangazi kwa mabango. Wazee wengi wana haki ya Pension Credit na hawajaiomba, wanaiona kama sadaka. Mtu aliyefanya kazi kiwandani Uingereza miaka ishirini na tano, akalipa kodi kila mwezi, anakula haki yake. Angalia tu kama bei hiyo ya nafuu ina simu ya nyumbani ndani yake, maana nyengine ni intaneti tupu.

Wewe uliyoko Ghuba unaweza kusema mambo haya ni ya watu wa Uingereza. Si hivyo. Nyumba zetu zimegawika tangu 1964, mama yuko London, kaka Muscat, dada Mombasa, na mara nyingi bili ya mama inalipwa na mtoto wa Muscat bila ya yeye kuiona. Anatuma pesa, anaona kamaliza. Pesa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuuliza mama barua zimesema nini. Kwetu Oman nako waya wa faiba unajengwa na Oman Broadband, wanaouza ni Omantel, Ooredoo, Awasr na wenzao, na simu ya nyumba ya kupitia faiba nayo inataka umeme wa nyumba. Suala la mzee na simu yake ni lilelile, lugha tu ya mkataba ndiyo tofauti.

Kwa hivyo ombi langu ni jepesi. Mkataba wa nyumba ya mzee usikubaliwe usiku na mtu mmoja. Jumamosi au Jumapili, mkishakula, mkae nusu saa. Muulizeni yeye kwanza: nani unawapigia? Simu ipi unaiweza? Una kengele? Umeme ukikatika ufanye nini? Nambari hii tuitunze? Majibu hayo ndiyo mupeleke kwa kampuni, iwe ya kebo au ya Openreach au ya faiba, na mumuombe muuzaji ayaandike kwenye rekodi ya mteja. Ikiwa mzee ana kengele, wapigieni simu wenye kengele kabla ya kuagiza kitu chochote, na siku fundi akiondoka muibonyeze muone kama inajibu. Andikeni kwenye daftari jina la kampuni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na bei, daftari likae karibu na simu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na huduma ikikatika, msikae kimya. Kampuni nyingi kubwa zimo kwenye mpango ulioanza Aprili 2019 wa kumlipa mteja fidia kwa kila siku ikiwa huduma imekufa na haikutengenezwa baada ya siku mbili za kazi. Malalamiko yasipopata jibu, kuna wasuluhishi huru, na kwenda kwao ni bure.

Aliyezoea kufanya haya ni nani katika nyumba yenu? Kama hakuna, chagueni mmoja. Si lazima awe msomi wa kompyuta. Wa kuliweza hili ni mwenye subira ya kukaa kwenye foleni ya simu dakika arubaini bila ya kutukana, na mwenye kurudi kwa mzee baada ya mwezi kumuuliza: simu inalia vizuri?